Diski Yenye Jina la Ikran

Garissa,
Jumatatu, 18 Novemba 1996

Ndugu yangu Olow,

Assalamu aleikum. Mama yetu anakula, analala na analalamika, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Wasiwasi niachie mimi, maana wiki hii ninao wa kutosha ukoo mzima.

Unaijua kazi yangu katika ile ofisi ya kutafuta jamaa waliopotezana wakati wa vita vya ng'ambo ya mpaka. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichapa majina kwenye kompyuta: nani anatafutwa, nani anamtafuta, aliyeokotwa yuko kwa nani. Ni majina elfu moja mia moja na arobaini. Kadi za karatasi mchwa walizila mwaka jana, nasi tukasema haidhuru, yote yamo ndani ya mashine. Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na mashine ikatoa moshi, ikazimika.

Fundi Jelle, yule wa redio pale sokoni, ameifungua. Anasema kilichoungua ni kitu kingine, diski iliyobeba majina ni nzima. Wafadhili walikuwa wametuachia kompyuta ya pili ambayo haijatumika na haina programu yoyote, ukiiwasha inakukodolea macho tu. Jelle ameihamishia humo ile diski ya zamani. Sasa mashine moja ina diski mbili, mpya iliyo tupu na ya zamani yenye majina, na haiwezi kufanya lolote.

Sababu ya haraka yangu ni mama mmoja anayeitwa Nurto. Mwaka wa tisini na moja alipotezana na binti yake, Ikran, kwenye vurugu za kuvuka mpaka pale Liboi. Mtoto alikuwa na miaka minne. Nurto amemtafuta katika kambi za pwani miaka yote hii, na juzi ndipo alipofika kwetu kwa mara ya kwanza. Alipotaja majina nilishtuka, kwa sababu niliwahi kuyachapa. Kuna mtu aliwahi kuleta habari za mtoto Ikran anayesema mama yake ni Nurto. Lakini siku hiyo nilichapa majina arobaini, na sikumbuki mtoto yuko kwa nani wala mji gani. Huenda ni Wajir, huenda ni Mandera, huenda ni hapa nyuma ya msikiti.

Shemeji yake Nurto, Abdille, anarudi ng'ambo na familia nzima kwa lori tarehe tano Desemba, ili Ramadhani iwakute kwao. Nurto akipanda lori hilo bila jibu, simwoni akirudi tena huku.

Wewe ndiye unayesomea kompyuta. Nisaidie.

Dada yako,
Hawo

*

Nairobi,
Ijumaa, 22 Novemba 1996

Abaayo Hawo, dada yangu,

Waaleikum salaam. Umeniandikia Kiswahili sanifu kama karani wa mkuu wa wilaya, nikajua mambo ni mazito.

Tulia. Kazi hii ndogo. Ningekutumia DOS, mfumo ule ule uliokuwa ukiendesha mashine yenu ya zamani, lakini nakala zote za DOS ninazoziona hapa mjini zimejaa virusi, zitamaliza hata hicho kilichobaki. Nakutumia Linux, mfumo ambao watu wanagawiana bure, na ambao unaweza kusoma mafaili yaliyoandikwa na DOS. Zimo flopi kumi, zile diski ndogo za kuingiza na kutoa. Ya kwanza ni ya kuwashia. Ya pili nimeiandika root, utaiingiza mashine itakapoiomba. Hizo nane zilizobaki ndizo mfumo wenyewe, na zina namba.

Sikiliza vizuri hapa. Mashine huziita diski zake kwa majina. Ya kwanza ni hda, ya pili ni hdb. Hda ndiyo hiyo mpya iliyo tupu, na hapo ndipo tutaweka Linux. Ukishaingia, andika fdisk, programu ya kuigawa diski upya. Kisha bonyeza d ya kufuta, kisha n ya kuanza upya, na mwisho w ya kuandika. Herufi w ndiyo muhuri: ukiibonyeza, chochote kilichokuwa katika hda kimekwenda na hakirudi. Usiogope, maana hamna kitu humo. Hdb usiiguse kabisa.

Nimeifanya kazi hii mara nyingi, naiweza hata usingizini. Nampa kondakta wa basi kifurushi, akiache nyumbani kwa mama kwa kuwa basi linapita mlangoni. Mwambie nitakuja Idi, inshallah.

Olow

*

Garissa,
Alhamisi, 28 Novemba 1996

Olow,

Flopi zilifika Jumamosi. Mama yako alizipokea kama vile ni wewe umefika, hakuniruhusu kuzichukua mpaka Jumatatu asubuhi.

Haikufanya kazi. Niliingiza ya kwanza, skrini ikaandika Loading na nukta nyingi, halafu ikaandika crc error, na mstari wa chini, System halted, yaani mashine imesimama. Nilijaribu mara sita. Mara ya saba ilipita, ikaomba ile ya root, na ile ya root ikalia ndani ya mashine kama mtu anayekwangua sufuria, ikagoma. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikamwambia mama yako kwamba vilivyomo ndani ya flopi vimeharibika njiani. Alisikitika kuliko mimi.

Nurto anakuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Haulizi kitu. Anakaa kwenye benchi, ananitazama nikichapa, na mimi sina ninachochapa, napiga kibodi ya mashine iliyozimwa ili nionekane nafanya kazi. Leo nilimwambia mashine inasafishwa. Lori linaondoka Alhamisi ijayo, Olow.

Hawo

*

Nairobi,
Jumatatu, 2 Desemba 1996

Abaayo,

Samahani kwa kusema, lakini flopi ni kitu cha kutunzwa. Zilisoma vizuri kabisa hapa kabla sijazifunga. Crc error maana yake kilichosomwa si kile kilichoandikwa, yaani kuna uchafu au joto. Najua vumbi la Garissa. Mliziacha juani? Mliziweka karibu na redio?

Nimenakili seti nyingine, nikaipima mara mbili. Kifurushi kinakwenda na basi la leo, na safari hii kimefungwa kwa nailoni. Hatua ni zile zile: fdisk, d, n, w, kwenye hda. Usibadilishe kitu.

Olow

*

Garissa,
Ijumaa, 6 Desemba 1996

Olow,

Seti ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Sasa hata ile ya kuwashia haifiki popote. Nilichukua flopi ya mhasibu wetu, ambayo mwezi uliopita ilikuwa nzima, nikaijaribu, nayo ikagoma. Usiniambie vumbi. Nimefanya kazi katika vumbi hili maisha yangu yote na sijawahi kuharibu hata kalamu. Nakurudishia mbili uzione mwenyewe, maana nimeanza kudhani wewe ndiwe usiyejua unachokifanya.

Sasa nikuambie jambo ambalo hapa sijamwambia mtu. Jumanne Nurto aliniuliza kwa mara ya kwanza. Alitaka kujua kama kweli jina la mtoto wake limo ndani ya ile mashine, kwa sababu Abdille amemwambia achague, lori au benchi. Nikamwambia limo, nimeliona wiki hii kwa macho yangu. Sikuliona. Tangu mashine iungue sijaona jina hata moja. Nilisema hivyo kwa sababu sikuweza kumwambia mama kwamba labda mwanawe amefutika mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu.

Lori liliondoka jana alfajiri. Nurto hakupanda. Watu wake wote wamekwenda, na yeye amebaki Garissa na kibunda cha nguo, kwa neno langu.

Kesho nampelekea Jelle mashine atazame mdomo wa kuingizia flopi. Jumamosi ya tarehe kumi na nne ofisi itakuwa tupu, nitakaa nayo mpaka iwake. Zikisoma, nitafuata hatua zako kama ulivyoziandika.

Hawo

*

Nairobi,
Jumatano, 11 Desemba 1996

Hawo,

Usibonyeze w. Nimeandika hilo kwanza ili ulisome kwanza. Nimempa kondakta barua hii mkononi na kumwapisha akufikishie kabla ya Jumamosi.

Jana nilifungua bahasha yako hapa chumbani na harufu ya uunsi, ule ubani wa kwetu, ikajaa mpaka mwenzangu akauliza nani anaoa. Hawo, flopi zimefukizwa ubani. Nilisogeza kale kamlango ka bati, nikaona ndani pamepakwa masizi. Nilijua mara moja ni mkono wa nani. Mama hufukiza vibuyu vya maziwa kabla maziwa hayajaingia, ili yasichache. Bila shaka alisikia flopi zimebeba kitu. Sikukasirika. Nilikaa nazo puani, nikaona aibu kwamba nilikulaumu. Moshi wa seti ya kwanza ndio uliochafua mdomo wa mashine, na mdomo mchafu unaharibu kila flopi inayoingia baada yake.

Sasa langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Sijaifanya kazi hii mara nyingi. Nimeifanya mara moja, mwezi wa tisa, kwenye kompyuta ya mwalimu wetu Alio. Nilibonyeza w kwenye diski isiyopaswa, nikafuta maandishi yake ya miaka miwili. Tangu siku hiyo nimezuiwa kuingia maabara. Flopi alikuwa akininakilia mwanafunzi mwenzangu, na hatua nilikuandikia kutoka kichwani, kwa sababu nilitaka kuwa mtu anayeweza.

Jana baada ya harufu ile nilikwenda kubisha nyumbani kwa mwalimu Alio. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Nyaya aliziunganisha nani?" Nikasema fundi wa redio. Akasema fundi wa redio hawezi kujua ipi iwe ya kwanza. Hawo, mimi nilikuandikia hda ni tupu bila kuijua. Inawezekana hda ndiyo ya majina.

Halafu akaniuliza kwa nini tunaweka mfumo mzima wakati tunataka kusoma faili moja. Anasema flopi mbili zinatosha, ya kuwashia na ya root, halafu unaifungua diski ya zamani kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika, hata ukikosea haifutiki. Amri zake ziko kwenye karatasi ya pili, kwa mwandiko wake mwenyewe. Flopi mbili mpya zimo humu, amezinakili yeye. Kondakta ataleta ofisini, si nyumbani.

Nisamehe. Na tafadhali usimgombeze mama.

Olow

*

Garissa,
Jumatatu, 16 Desemba 1996

Ndugu yangu,

Kondakta wako aliapa, lakini mvua haikuapa. Basi lilikwama kabla ya Mwingi, na barua nikaipata jana Jumapili. Kwa hiyo yasome yaliyotokea Jumamosi ukiwa umekaa.

Jelle aliikawiza mashine wiki nzima, akairudisha ofisini Jumamosi asubuhi na kufungua mdomo wake mbele yangu, akachovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa za mifugo, akapangusa. Pamba ilitoka nyeusi, na mimi mwenyewe nikasikia harufu. Nilikwenda nyumbani mbio. Mama yako hakuficha kitu. Alinionyesha chetezo, akanionyesha jinsi anavyokashikilia wazi kale kamlango kwa ukucha ili moshi uingie. Seti ya kwanza aliifukiza kidogo. Nilipolalamika kwamba vilivyomo vimeharibika, seti ya pili akaifukiza tangu alasiri mpaka magharibi. Akaniambia, "Kitu kilichotoka mbali na kimebeba amana, utakiachaje bila moshi?" Nikambusu kichwa.

Nilirudi ofisini. Katika zile flopi zote, ya kuwashia moja na ya root moja zilisoma. Nikafika kwenye fdisk. Nikabonyeza d, nikabonyeza n. Kidole kilikuwa juu ya w, Olow. Siku ile ya kwanza ningeibonyeza bila kufikiri, kwa sababu nilikuamini. Lakini wiki tatu zilikuwa zimenifundisha kutokuamini, wewe wala flopi zako. Nikabonyeza m ili nione kama kuna njia nyingine ya kutokea, ikaniletea orodha ya herufi na kazi zake. Mojawapo ilikuwa q, kutoka bila kuandika. Nikaibonyeza hiyo. Nikaingia tena, safari hii nikabonyeza p, ambayo inaonyesha kilichomo. Hda, ile uliyoniambia ni tupu, ilikuwa na mstari mmoja, na mwisho wa mstari pameandikwa DOS.

Nilizima mashine. Nikakaa sakafuni. Kama mama yako asingewasha chetezo chake, jina la Ikran lingefutika tarehe ishirini na tano Novemba, na mimi ningekuandikia barua ya kukushukuru.

Nilipoinuka nilikwenda kwa Nurto, pale alipopewa pembe ya chumba. Nikamwambia nilimdanganya, kwamba sikuliona jina, na kwamba nilikaribia kulifuta kwa mkono wangu. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua.

Alisema, "Nilijua. Aliyeona angeniambia mtoto yuko wapi."

Nikamuuliza basi kwa nini aliacha lori liende. Akasema kule wanakokwenda hakuna hata mtu wa kumdanganya kuhusu Ikran.

Leo asubuhi nilifuata karatasi ya mwalimu Alio, neno kwa neno. Nurto alikuwa kwenye benchi, safari hii nilimwita akae ubavuni mwangu. Niliandika grep, amri ya kutafuta neno, kisha nafasi, kisha Nurto. Mashine ilifikiri. Nilisikia diski ikizunguka, na yeye alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mstari mmoja ulitokea. Ikran, msichana, miaka saba kwa kukisia. Mama: Nurto. Analelewa na Keinan, mwenye duka, Takaba. Habari zimeletwa na dereva, Machi 1994.

Nilimsomea mara tatu. Hakulia na hakusema alhamdulillahi. Aliuliza Takaba ni siku ngapi.

Anaondoka kesho na lori la Wajir. Ofisi imempa barua ya kuonyesha kwenye vizuizi vya polisi njiani. Mwambie mwalimu Alio nimemwombea dua, na wewe rudi kwake umchapie upya hayo maandishi yake, hata kama ni kwa miaka miwili.

Dada yako,
Hawo

*

Takaba,
Jumatatu, 20 Januari 1997

Kwa Hawo wa ofisi ya jamaa, Garissa,

Assalamu aleikum. Mimi ni Abdiwahid, mwalimu wa shule ya hapa. Mama Nurto anasema kwa Kisomali na mimi naandika kwa Kiswahili ili ofisi yenu iweze kuhifadhi. Kuanzia hapa ni maneno yake.

Hawo, nimefika. Njia ilinichukua siku kumi na mbili. Hadado tulikaa siku nne tukingoja lori lingine, nikilala na akina mama waliokuwa wanapeleka mbuzi. Kila siku niliogopa kwamba jina lile ni la mtoto mwingine.

Si mwingine. Nilimjua kabla sijaambiwa, alikuwa anamgombeza punda, na hasira ile ni ya baba yake hasa. Keinan ni mtu mwema. Mkewe, Filsan, hakujaliwa mtoto, na huyu amemlea kwa maziwa na adabu. Amekuwa mrefu. Anasoma Kurani vizuri kuliko wavulana.

Anamwita Filsan hooyo, mama. Keinan alitaka kumwambia siku ile ile nilipoingia, na mimi nilimkataza. Nilisema waseme mimi ni mgeni wa mfungo. Nilipomshika mkono kumsalimia nilikawia kuuachia, na yeye akajificha nyuma ya Filsan. Niliogopa, Hawo. Miaka yote nilijua kuogopa kwamba simpati. Hofu hii nyingine sikuijua.

Juzi tukifuturu aliniuliza jina langu, kwa kuwa wote wananiita mgeni. Nikamwambia. Akasema, "Una jina la mama yangu wa kwanza. Alikufa Liboi." Kisha akanimiminia chai. Filsan alitoka nje akilia. Mimi nilisema Nurto ni jina la watu wengi, nikanywa ile chai.

Tumekubaliana watatu kwamba tutamwambia baada ya Idi, taratibu, Filsan akiwa amemshika. Mpaka wakati huo nalala katika chumba kimoja na mtoto. Filsan ameniruhusu nimsuke Ikran nywele.

Mwalimu ananiambia ofisi yenu hufuta jina mtu akishapatikana. La Ikran naomba usilifute. Liache hapo pamoja na wanaotafutwa. Siku atakaponiita hooyo nitakuletea habari mwenyewe, na tutalifuta pamoja.

Nurto

(alama ya dole gumba lake iko hapa chini, imeshuhudiwa na mimi, Abdiwahid)